Mfuko wa Pengo

Tarehe 3 Juni

Mwanangu Mwenyekiti,

Mimi mzima, ukiacha goti la kulia, ambalo tulishakubaliana kwamba lina maisha yake. Wewe sijui. Tangu upande huko kituoni kwenu milimani nakusalimia hewani tu, kila alfajiri nikimaliza kusali. Na kwa kuwa umesema simu huko haishiki, imebidi nirudi kwenye kalamu, mimi niliyeagana nayo nikitoka shule ya msingi. Usicheke mwandiko.

Nimetoka benki sasa hivi, hata viatu sijavua.

Unakumbuka ulivyonitia kwenye jambo hili. Ulikaa pale kwenye kiti cha wateja, unakunywa chai yangu, ukasema, "Shangazi, chama chetu cha watafiti chipukizi kinataka watu watatu wa kutia saini benki. Sisi sote ni watu wa mikataba, leo tupo kesho hatupo. Wewe peke yako huhami." Nikakwambia mimi ni fundi cherehani, utafiti nitaujulia wapi. Ukasema, "Hutatafiti, Shangazi. Utakaa tu." Basi nimekaa. Nimekaa mpaka nimebaki peke yangu.

Karani wa benki ni kijana mwenye adabu. Akanigeuzia kompyuta yake nione. "Mama, hela hii hapa. Imeingia kutoka kwa mfadhili wenu. Lakini saini ziwe mbili, na wenye saini wasimame hapa mbele yangu." Nikamwambia Mhazini wetu kapata masomo ng'ambo, na Mwenyekiti yuko milimani anapima mvua. Akasema, "Basi fanyeni kikao mchague wengine, mniletee muhtasari wenye akidi." Mwanangu, mimi nilidhani akidi ni kitambulisho. Nikafungua mkoba nikaanza kupekua. Akacheka, si kwa ubaya, akanieleza kwamba ni idadi ya watu wanaotakiwa kuwepo ili kikao kiwe kikao.

Njiani nimempitia Katibu, naye kanifungulia katiba yenu. Wanachama kumi na wawili, akidi theluthi mbili, yaani wanane, wawepo kwa miili yao. Na mfadhili anasema hela isipotoka mwisho wa Septemba, inarudi kwake.

Sasa nikwambie ya Binti wa Tope. Mkataba wake uliisha baada ya wewe kuondoka. Taasisi ikamwambia aondoe chupa zake kabla ya Ijumaa, maana friza lao linatakiwa na mwingine. Akaja na friza la kuazima juu ya mkokoteni, tukaliweka kwenye kile chumba chenu nyuma ya duka langu. Wenzetu wanagandisha nyama, sisi tunagandisha tope la mtoni. Juzi mteja wangu alifungua akidhani kuna maji baridi. Akatoka akaniuliza, "Fundi, wewe ni mzima?"

Miaka mitatu ya tope ile. Binti anasema tope linakumbuka mto ulivyokuwa unaugua mwaka hadi mwaka, na watu wa mtoni walikuwa wanakunywa nini. Mimi naona tope tu, lakini nikimwona anavyozigusa zile chupa, naamini. Kuna mwalimu wa chuo kikuu kingine kamwahidi nafasi kuanzia Januari, mradi aje na sampuli zake. Kwa hiyo anatakiwa aishi, na friza liishi, mpaka Januari. Si ndiyo kazi ya ule Mfuko wa Pengo mliouanzisha? Wewe mwenyewe ulisema pale kwenye kiti: mtu mkataba mmoja ukiisha na mwingine haujaanza, asianguke katikati.

Basi yupo katikati. Njoo siku mbili tu, mwanangu. Unashuka, unatia saini, unakula, unapanda.

Nakuombea kwa Mwenyezi Mungu. Vaa vizito.

Shangazi yako, Fundi

*

Tarehe 21 Juni

Shangazi yangu mpendwa,

Barua yako imenifikia jana. Kama nilivyokueleza, inakwenda kwanza kwenye sanduku la posta la rafiki yangu mjini, naye huikabidhi gari la mizigo linalopanda huku. Ndiyo maana muhuri wa bahasha zangu ni wa mjini. Usishangae.

Kuja siwezi. Naomba uniamini tu. Vipimo havisubiri mtu, na hapa ukikosa siku moja nafasi yako inachukuliwa na mwingine. Tunasimama kutwa. Kiongozi wetu anahesabu hata dakika tunazokaa chooni. Jioni miguu inakuwa kama si yangu. Lakini ndiyo kazi, na namshukuru Mungu kwa kazi.

Kuhusu akidi, Shangazi, najua unachotaka kuniuliza, kwa hiyo nakujibu kabla. Hapana. Hatuwezi kuandika kwamba watu walikuwepo wakati hawakuwepo. Kipengele kile nilikiandika mimi. Umeviona vyama vya wakubwa zetu: watu watatu wanakutana chumbani, wanajichagua, wanakaa miaka ishirini. Sisi tulisema hatutaki. Na mtafiti akipika takwimu tunamfukuza. Tutapikaje akidi?

Waiteni watu. Waiteni mara mbili, mara tatu. Watakuja.

Binti anaendeleaje? Anakula? Niambie ukweli.

Mwanao

*

Tarehe 9 Julai

Mwanangu,

Hiyo mvua inayohesabu dakika za choo mimi sijawahi kuisikia. Au mimi ndiye sijasoma. Pakaa mafuta ya mgando miguuni, uvae soksi ukiwa umelala.

Watu tuliwaita. Nilifagia chumba, nikatandika kitambaa kipya mezani, kile cha maua kilichobaki kwenye pazia za mke wa daktari wa meno. Nikapanga viti kumi na viwili, hata chako na cha Mhazini, kwa heshima. Wakaja watano.

Katibu kapiga simu mpaka kakauka koo. Mmoja yuko kisiwani kwa mkataba wa miezi mitatu. Mmoja kajifungua. Wawili walisema "tuko njiani" na mpaka leo wako njiani. Mmoja kaacha utafiti, anauza vifuniko vya simu, na alipopigiwa akasema, "Nifuteni tu, naona aibu kuonekana." Katibu akapiga hesabu hapohapo: hata tukimfuta, theluthi mbili ya kumi na mmoja bado ni wanane. Yule hata kutoka kwake hakutusaidii.

Kipepeo, yule mrefu anayechunguza vipepeo, akasema, "Tumhesabu Shangazi."

"Shangazi ni mlezi," Katibu akajibu. "Mlezi si mwanachama."

"Basi tumfanye mwanachama."

"Kuingiza mwanachama kunataka kikao."

"Kikao si hiki?"

"Hiki si kikao. Hakina akidi."

"Kwa hiyo sisi hapa ni nini?" Kipepeo akauliza. "Ni wateja wa Shangazi?"

Wakacheka, nami nikacheka, lakini Katibu alikuwa kama anataka kulia. Ni msichana mwaminifu yule, anaogopa katiba kama mwingine anavyoogopa nyoka. Akaandika kwenye karatasi: kikao hakikufanyika. Wakanywa chai, wakaondoka mmoja mmoja, na kila mmoja alipopita kwenye friza alishusha sauti, kama watu wanaopita kwa mgonjwa.

Nami usiku huo sikuuliza kitu, lakini sasa nakuuliza, hata kama ulishanijibu. Hivi Mungu akiangalia kile chumba, anaona watu watano wenye shida ya kweli, au anaona upungufu wa watatu? Sikushindanii. Wewe umesoma. Nauliza tu kwa sababu sala yangu imefika mahali haijui iombe nini. Niombe watu waje? Niombe benki iungue? Mungu anisamehe.

Mwenye nyumba naye kaja kuuliza kodi ya chumba chenu. Nimemwambia hela ipo, iko benki, tumeiona kwa macho. Akasema na yeye angependa kuiona.

Binti hajambo kabisa. Anakula, analala, kanenepa. Usiwe na wasiwasi naye.

Nakuombea.

Shangazi yako, Fundi

*

Tarehe 2 Agosti

Kaka Mwenyekiti,

Shangazi hajui kwamba nakuandikia. Namjua anavyokuandikia: hajambo, anakula, kanenepa. Ni mimi niliyemwomba aseme hivyo, kwa sababu sikutaka uache kazi yako kwa ajili yangu. Nilikosea.

Nimeuza kompyuta. Chumba nilichopanga nimekiacha, nalala kwenye chumba cha chama, nyuma ya friza. Injini yake imekuwa kama mtu ninayelala naye chumba kimoja, ikinyamaza naamka. Umeme ukikatika, Shangazi anakimbia mtaa wa pili kununua barafu, na goti lile. Umeme wenyewe wa kulipia kabla analipa yeye. Siku hizi anapokea mapindo ya suruali za shule usiku na mchana, na nikimwambia apumzike anasema, "Mimi nashona tu, wewe ndiye unayefanya kazi." Macho yake yamekuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa moshini.

Kaka, wewe ndiye uliyenivuta kwenye chama. Ulisema sisi wadogo tukishikana hakuna wa kutuangusha. Kuna duka la rangi wananitaka niuze, wanatoa na chumba cha kulala. Nimewaomba wanipe mpaka mwisho wa Agosti.

Sitaki hotuba, nisamehe kwa kusema hivyo. Njoo utie saini, au tuambie tuandike wanane. Moja kati ya hayo mawili. Ukinyamaza nitajua nalo ni jibu.

Mdogo wako,
wa Tope

*

Tarehe 17 Septemba

Dada wa Tope,

Barua yako nimeipata leo. Leo! Rafiki yangu mwenye sanduku alisafiri na ufunguo, ikakaa humo mwezi na zaidi. Nimeisoma nimesimama, watu wananipita.

Andikeni wanane. Mwambie Katibu nimesema mimi, na aibu yake ni yangu. Andikeni majina, chagueni watia saini wawili, mpeleke benki kesho yake. Sijui nilikuwa natetea nini. Nilidhani nikishika kipengele kile, kuna kitu kimoja maishani mwangu ambacho bado kiko sawa.

Ningekuja. Siwezi kukueleza kwa nini siji, na kama ungejua ungenidharau, au ungenihurumia, ambayo ni mbaya zaidi. Nauli nilianza kuiweka tangu Juni. Kila ikikaribia kutosha kunatokea jambo. Ndani ya bahasha nimekuwekea nusu yake. Washia friza.

Usiende kwenye rangi. Kama umeshakwenda, rudi.

Kaka yako

*

Tarehe 11 Oktoba

Mwanangu,

Leo nakaa chini nikwambie yote, maana hukuwepo, na anayestahili kuambiwa ni wewe.

Barua yako kwa Binti ilifika tarehe mbili, hela imesharudi kwa mfadhili. Karani wa benki alinigeuzia tena ile kompyuta, akasema, "Mama, pole." Pale palipokuwa na ile hesabu ndefu pamebaki peupe kama kitambaa kabla hakijakatwa. Binti alikuwa keshakwenda kwenye duka la rangi tangu mwanzo wa Septemba. Sikuifungua barua yake. Niliiweka chini ya cherehani mpaka aje mwenyewe.

Alikuja Jumamosi. Siku hiyo walikuja karibu wote, ukiacha wale wawili wa njiani, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa ametaka chumba, na Katibu alituma ujumbe kwamba kila mwenye kitu chake aje achukue. Mwanangu, wito wa kikao walikosa nauli. Wito wa kuchukua masanduku wakapata. Siwalaumu. Mtu hukimbilia kilicho chake kabla hakijatupwa. Yule wa kisiwani mkataba ulikuwa umekwisha, akaja na begi lake la safari, hana pa kulipeleka. Aliyejifungua akaja na mtoto mgongoni. Hata yule wa vifuniko vya simu alikuja, akasimama mlangoni, na nilipomwambia "Ingia baba, hapa hakuna mgeni," akaanza kufuta macho.

Binti akaisoma barua yako. Akampa Katibu. Katibu akaisoma, akavua miwani.

"Angetuambia Julai, ningekataa," akasema. "Sasa hivi hata sijui."

Zile hela Binti akazirudisha ndani ya bahasha, akanikabidhi, akasema, "Shangazi, friza linatakiwa kurudi kwa mwenyewe leo." Nikamwambia tutafute wa kulihifadhi tope, hata kwa mwenye duka la samaki. Wakatazamana. Mmoja analala kwa dada yake sebuleni. Mmoja hana hakika ya mwezi ujao. Samaki wa watu huwezi kuwachanganya na tope. Nami nilisimama na mkasi mkononi kama niliyesahau nilikuwa nakata nini.

Akazibeba mwenyewe mpaka kwenye mfereji wa nyuma. Kila chupa aliisoma kwanza karatasi yake kwa sauti: darajani, Machi, mwaka wa kwanza. Kwenye kiwanda cha ngozi, baada ya mvua. Kisimani kwa wajane. Akisha kusoma, anamimina. Ilikuwa haijayeyuka vizuri, ikawa inatoka kwa vipande, na sauti yake ikianguka siitaki kuisikia tena. Wenzake wakajipanga wakawa wanampokeza. Hakuna aliyewaambia.

Katikati ya kazi ile Kipepeo akatazama huku na huku, midomo inahesabu.

"Jamani," akasema, "tuko wanane."

Mtoto tu mgongoni kwa mama yake ndiye aliyechekea zile chupa. Katibu akasema polepole, "Kikao hakijaitishwa," kisha akafunika uso na mikono yake yenye tope. Binti akamshika bega, akarudi kwenye chupa.

Binti anaendelea na duka lake. Nilipita Alhamisi nikamkuta anamchanganyia mteja rangi ya ukuta, ya kahawia. Akaniambia, "Shangazi, hii wanaiita rangi ya mto." Tukacheka mpaka mteja akaudhika. Nilipofika nyumbani nilikaa kitandani na viatu vyangu, sikusali, nikakaa tu. Nadhani Mungu aliona, maana hana haja ya akidi.

Yule mwalimu wa Januari kamwandikia Katibu kwamba anasikitika.

Na moja la mwisho, kisha nikuache ukafanye kazi. Kipepeo aliponisaidia kutoa meza alikuwa anazungukazunguka kama ana mfupa kooni. Mwishowe akaniambia kwamba alipita mjini kwenu mwezi uliopita, na kwenye ghala la vifurushi nyuma ya stesheni alimwona mtu anayefanana na wewe mno. Kabeba katoni begani, kavaa fulana ya kazi imechanika. Akamwita kwa jina lako, na yule mtu akageuza uso. Kipepeo anasema kauliza walinzi, wakamwambia huyo yupo pale tangu mwaka jana, ni mpole, hasemi na mtu, na jioni huchechemea.

Nikamwambia Kipepeo duniani wawili wawili. Mwenyekiti yuko milimani anapima mvua, huko simu haishiki.

Lakini nimemfikiria huyo mtu, mwanangu. Nimemfikiria kwenye sala na kwenye cherehani. Pengine naye alikuwa na mkataba, ukaisha. Pengine naye alisubiri unaofuata, na hakuwa na watu wa kumwambia. Ama alikuwa nao, akaona atawavunja moyo, kwa kuwa ndiye waliyemtegemea.

Basi nimemshonea koti. Nimetumia kitambaa kile kigumu cha bluu, kile nilichokuwa nawawekea mafundi gereji. Mabegani nimeweka mara mbili na pamba katikati, na viwiko vivyo hivyo. Zile hela za nauli ziko ndani, kwenye bitana upande wa moyo, nimezishonea kwa uzi mwekundu ili azione upesi. Ukishuka mjini siku moja, mpelekee. Vipimo nimechukua vyako, kwa kuwa mnafanana.

Mwambie chumba cha nyuma kimechukuliwa, lakini cha mbele bado changu, na kiti cha wateja kipo palepale. Mwambie mimi sihami.

Na kama atasema hana shangazi, mwambie anaye.

Fundi